Barabara ya Kyaka na Watu Waliobaki Nje ya Picha

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli walitua Entebbe, Uganda, wakawaokoa mateka zaidi ya mia moja na kuondoka kabla hazijatimia saa mbili. Mwaka 1977 haukuisha kabla usiku huo haujatengenezewa filamu tatu: mbili za televisheni ya Marekani, Victory at Entebbe na Raid on Entebbe, na moja ya Waisraeli wenyewe, Operation Thunderbolt. Waigizaji watatu walivaa magwanda ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, kwa zamu, na ulimwengu ukamzoea Amin wa kwenye skrini kuliko wa Kampala.

Miaka miwili na ushee baadaye Amin alivuka mpaka na kuingia Tanzania. Vita alivyovianzisha vilikwenda kuanzia Oktoba 1978 hadi Juni 1979, vikaing'oa serikali yake, na vikawapeleka askari wa Tanzania, wengi wao kwa miguu, kutoka Mto Kagera hadi karibu na mpaka wa Sudan. Ilikuwa mara chache sana barani Afrika kwa jeshi la nchi moja kuingia mji mkuu wa jirani na kumtoa mtawala wake. Kwa upande wetu, Kampuni ya Filamu Tanzania na Taasisi ya Sauti na Picha zilitoa filamu ya hali halisi, Vita vya Kagera, mwaka 1980. Mwaka uliofuata Sharad Patel, Mkenya, akatoa Rise and Fall of Idi Amin. Nimeifuata barabara waliyopita askari wale nikiwa nazikumbuka filamu hizi, na kila nilipofika nilijiuliza swali lile lile: kamera ilikuwa ikimtazama nani?

Njia yenyewe inaanzia Kyaka, wilayani Missenyi. Ukitoka Bukoba, migomba inakusindikiza hadi unapofika penye njia panda ya Karagwe, kisha lami inavuka Kagera kuelekea Mutukula. Mto ni wa rangi ya udongo na unakwenda kasi, na malori ya mizigo yanapita darajani bila hata dereva kugeuza shingo. Novemba 1978 daraja la hapa ndilo lililokuwa vita vyenyewe. Tarehe 1 Amin alitangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni mto huu, na ili Watanzania wasirudi, alitaka daraja livunjwe. Ndege zake zilijaribu kulipiga zikashindwa. Mwishowe aliitwa mtaalamu wa baruti kutoka mgodi wa shaba wa Kilembe, na tarehe 3 daraja likaanguka majini.

Si mbali na mto kuna kanisa lililobomolewa vitani, na kuta zake zimeachwa zilivyo. Kuta hizo zinafaa kutazamwa polepole, kwa sababu zinaeleza vita hivi vilimpata nani kwanza. Eneo lililotekwa, kati ya mto na mpaka, ni kama kilomita za mraba 1,800, nalo lilikuwa na vijiji, mashamba, ng'ombe na kiwanda cha sukari. Maelfu ya watu walikimbilia kusini na vichwa vyao vimebeba walichoweza kubeba. Waliobaki nyuma waliuawa, wanawake walitekwa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, na mitambo ya kiwanda ikaporwa. Raia waliouawa wanakisiwa kufika 1,500. Linganisha na hesabu ya jeshi: Watanzania waliofia jeshini katika vita vyote hadi mwisho ni 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa kwenye mapigano. Kwa maneno mengine, kwa kila askari mmoja wa Tanzania aliyekufa, walikufa raia wanne wa Kagera.

Hesabu hiyo ilitosha kumfanya raia kuwa mhusika mkuu wa filamu yoyote ya vita hivi. Haikuwa hivyo, na sababu mojawapo ni vyombo vyenyewe. Mwaka 1978 Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na ingeendelea kukaa bila televisheni hadi 1994. Vita viliingia majumbani kwa redio. Tarehe 2 Novemba watu walijikusanya penye redio za mbao na za mkulima wakamsikiliza Mwalimu Nyerere akisema kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Sauti ile ilisimamisha nchi nzima. Lakini sauti ya kiongozi inafika kwa mwananchi, wala haimleti mwananchi wa vijiji vya mpakani kama Minziro au Kakunyu mbele ya wenzake. Uganda, kwa upande wake, ilikuwa na televisheni tangu 1963, na Amin aliijua kamera kama mchezaji anavyoujua uwanja wa nyumbani.

Ushahidi wa hilo upo katika filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974, General Idi Amin Dada. Schroeder alimwachia Amin ajionyeshe mwenyewe. Katika sehemu moja Amin anawapanga askari wake penye kilima kimoja cha Uganda na kukiita milima ya Golan, kisha anaongoza shambulio la mazoezi dhidi ya Israeli: wanaruka kwa miavuli, helikopta inazunguka juu, vifaru vichache vinapanda, naye anaeleza kila hatua kwa bashasha ya mwalimu wa michezo. Mtazamaji anacheka. Kisha inafika sehemu ya kikao cha mawaziri. Amin anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje, na kamera inapita kwenye nyuso za watu wazima wanaoandika kila neno bila kuinua macho. Msimulizi anaarifu kwamba wiki mbili baadaye maiti ya waziri huyo ilikutwa katika Mto Nile. Amin alipojua filamu inaonyesha mambo asiyoyapenda, aliwazuia Wafaransa waliokuwa Kampala hadi Schroeder akakubali kukata dakika chache. Zilirudishwa baada ya Amin kuanguka.

Ni filamu nzuri, pengine nzuri kuliko zote zilizomhusu. Lakini iliweka mtindo ambao sinema haijauacha: Amin kama kituko. Hata alipokwisha kuivamia Kagera alipendekeza kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, mwamuzi awe Muhammad Ali. Magazeti ya dunia yaliichapa habari hiyo kwa furaha. Wakati ule ule kulikuwa na watu wamelala porini kusini mwa Kagera, wakiogopa kuwasha moto.

Kutoka Kyaka hadi Mutukula ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Jeshi la Tanzania lilivuka mto kwa boti, likajenga daraja la vyuma la muda, na hatimaye likairudisha ardhi yote. Lilikuwa jeshi lililovimba ghafla: kutoka askari wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000, wakulima na vijana wa vijijini waliofundishwa kulenga shabaha na kukimbia mchakamchaka. Januari 1979 jeshi hilo liliichukua Mutukula upande wa Uganda, na hapo barabara inafika mahali pagumu kusimuliwa. Askari waliokuwa wamepita katika vijiji vya Kagera na kuona maiti walilipiza kisasi. Mji mdogo ulisawazishwa kwa matingatinga, na raia wa Uganda, wazee miongoni mwao, wakauawa. Nyerere alipopata habari alishtuka, akatoa amri kwamba raia na mali zao wasiguswe.

Leo Mutukula ni kituo cha pamoja cha forodha. Foleni ya malori, wabadilisha fedha, akina mama wa matunda wanaokupigia bei kwa Kiswahili na Luganda katika sentensi moja. Filamu ya kuwasifu mashujaa haiwezi kuliweka jambo la Mutukula popote, kwa sababu kazi yake ni kushukuru. Serikali ya mwaka 1980 ilikuwa na haki ya kuwashukuru askari wake, na nisingetaka Vita vya Kagera isiwepo. Tatizo linakuja pale shukrani inapobaki kuwa kumbukumbu pekee yenye picha. Amri ya Nyerere yenyewe haieleweki ukificha kilichomfanya aitoe, na hivyo tunapoficha kosa la askari tunamnyima sifa yule aliyelikemea.

Masaka ilitekwa tarehe 24 Februari, na majengo mengi yakalipuliwa baada ya mapigano kwisha. Baada ya hapo barabara inashuka kwenye bwawa la Lukaya, ambako lami inapita juu ya tuta katikati ya mafunjo. Abiria wa basi wanapajua Lukaya kwa gonja na kuku wa kuchoma wanaopitishwa dirishani vijitini. Usiku wa tarehe 10 Machi wanajeshi wa Libya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin waliishambulia brigedi ya 201 hapa kwa roketi za Katyusha, aina ile ile ambayo upande wa Watanzania iliitwa saba saba. Brigedi hiyo ilikuwa na mgambo wengi wasiowahi kuusikia mlio huo ukiwaelekea wao. Wengi walitawanyika. Kesho yake brigedi ya 208 ilizunguka kwa nyuma, na Walibya na Waganda wakajikuta wamebanwa pande mbili. Walikufa mamia. Huo ndio ulikuwa mwisho wa matumaini ya Amin.

Tukio hilo lina kila kitu ambacho watunzi wa sinema za vita hukitafuta: usiku, bwawa, hofu, mkulima mwenye bunduki anayekimbia na anayerudi. Lakini Rise and Fall of Idi Amin inajali zaidi ikulu na vyumba vya mateso. Joseph Olita, Mkenya, alimwigiza Amin kwa kufanana naye kiasi cha kutisha. Kuna jambo moja ndani ya filamu hiyo ambalo ni somo la aina yake: Denis Hills, mhadhiri Mwingereza aliyehukumiwa kifo na Amin mwaka 1975 kwa aliyoyaandika katika mswada wa kitabu, aliigiza nafasi yake mwenyewe. Mtu aliyeponea chupuchupu alirudi mbele ya kamera kuonyesha yaliyomkuta. Kama Hills aliweza kuitwa, angeweza kuitwa pia mkulima wa Kyaka.

The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyompa Forest Whitaker tuzo ya Oscar, ilifanya kinyume chake. Ilichukua daktari wa Kiskoti wa kubuni na kumfanya macho yetu ndani ya Uganda. Inamalizikia Entebbe mwaka 1976, na kuanguka kwa Amin kunabaki maandishi mwishoni. Miezi yote ya vita, kwa mtazamaji wa London au hata wa Dar es Salaam, inapita katika sentensi.

Entebbe halisi iliangukia mikononi mwa Watanzania tarehe 7 Aprili 1979, na ndege moja ya Walibya iliyokuwa ikijaribu kuruka ilipigwa ikiwa bado kwenye njia ya kurukia. Siku chache kabla, tarehe 29 Machi, ndege ya Libya ilikuwa imejaribu kuipiga Mwanza; makombora yakaukosa mji, yakaua wanyama katika hifadhi ya kisiwa cha Saanane. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Nyerere alikuwa ameagiza barabara ya Jinja iachwe wazi, ili Walibya wapate pa kukimbilia na mauaji yapungue. Watu walimiminika barabarani kuwashangilia wakombozi, na kabla ya jioni maduka yalikuwa yakivunjwa na hao hao waliokuwa wakishangilia. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliofuatana na jeshi la Tanzania, waliyaandika hayo katika kitabu chao cha 1982. Kwa Kiswahili tuna Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, cha 1980. Vitabu viliona zaidi kuliko kamera.

Nyumbani, raia walilipa awamu ya pili. Mwalimu aliwaomba wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi hiyo ikawa miaka ya foleni za sukari, sabuni na unga. Kila familia ya Tanzania iliguswa na vita hivi, hata isiyokuwa na askari, na hilo nalo halina sura kwenye skrini.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi pale Kakunyu mwaka 1978 anakaribia sitini sasa. Mgambo wa miaka ishirini aliyekimbia Lukaya na kurudi amepita sitini na mitano. Simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi yeyote wa chuo cha filamu ina kamera inayotosha, na nauli ya kutoka Bukoba hadi Kyaka haimshindi. Akienda, asianze na makamanda, hao wameshahojiwa. Aanze na waliovuka mto wakiwa wamebeba watoto, awaache waseme Kihaya, Luganda au Kiswahili chao, kisha avuke mpaka akawaulize na wa Mutukula na Masaka walichokiona wakombozi walipofika. Filamu itakayoweka pande hizo mbili pamoja itawaudhi wengi kwa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo itakayostahili kuitwa filamu ya Vita vya Kagera.