Motokaa za Kale na Mikono Iliyozitunza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Wakuu wa chama chetu waliponitaka niandike habari ya kale katika kitabu hiki cha ukumbusho, nadhani walitazamia niandike juu ya misikiti au madrasa. Habari hizo ni tukufu, nao wapo walionishinda kwa elimu ambao wamekwisha kuziandika. Mimi nimechagua jambo ambalo kwa sura yake ni la kidunia, nalo ni motokaa za kale na watu wanaozifufua na kuzitunza kwa mapenzi. Wako watakaouliza, Sheikh na motokaa kuukuu wapi na wapi? Nawaomba wavumilie, maana ndani ya motokaa hizo mna sehemu ya historia yetu sisi Waislamu wa Kampala, na sehemu hiyo inapotea mbele ya macho yetu.

Tuanze na namna motokaa zilivyotufikia. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ikavushwa kwa meli katika Ziwa Viktoria hata bandari ya Port Bell. Reli yenyewe haikuingia Kampala mpaka mwaka 1931. Kwa hiyo motokaa iliyoletwa kwa njia hiyo katika miaka ya mwanzo ilipanda gari la moshi, kisha ikapanda meli, ndipo ikakanyaga udongo mwekundu wa Buganda.

Katika zama hizo motokaa iliyosifika zaidi duniani ilikuwa Ford Model T, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1908 na kukomeshwa mwaka 1927, zikiwa zimekwisha kutengenezwa zaidi ya 15,000,000. Tumbo lake lilikuwa juu ya ardhi, ikafaa kwa njia za matope. Injini yake ya silinda nne ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, na petroli ilishuka katika injini kwa uzito wake yenyewe bila ya pampu. Basi petroli ilipopungua katika tangi, na kilima kikawa kikali, dereva alilazimika kuigeuza motokaa na kupanda kinyumenyume, ili petroli ipate kuteremka. Anayevijua vilima vya Kampala, tangu Kibuli hata Namirembe, na Rubaga hata Mengo, hahitaji kuelezwa taabu ya kuendesha gari la namna hiyo katika mji kama wetu.

Sasa, kwa nini Waislamu wengi walishika usukani? Jambo hili lina asili yake. Uislamu uliingia Buganda zamani za Kabaka Suuna II, kabla ya wamisionari wa Kiprotestanti waliofika mwaka 1877 na wa Kikatoliki waliofika mwaka 1879. Lakini katika vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888, Waislamu mwishowe walishindwa, na katika Mapatano ya mwaka 1900 walipewa uongozi wa saza moja tu la Butambala, katika masaza 20 ya Buganda. Shule nazo zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu aliogopa kwamba mtoto wake akienda shule atarudi na jina jingine na dini nyingine, kwa hiyo akamweka katika madrasa. Madrasa ilimpa mtoto dini yake, wala haikumpa cheti cha kumwingiza katika ofisi ya serikali.

Hivyo vijana wetu walitafuta riziki mahali pasipoulizwa cheti. Wako waliokuwa wachinjaji, wako waliofanya biashara ndogo ndogo, na wako wengi walioingia katika kazi ya motokaa. Mtu alianza kuwa taniboi, akipakia mizigo na kutia jiwe chini ya gurudumu, akawa dereva, na mwenye akili ya mikono akawa fundi. Ofisi ilitaka karatasi, na usukani ulitaka jicho, mkono na moyo thabiti. Pamba ya wakulima, ambayo hapo kwanza ilichukuliwa vichwani, ikapandishwa katika malori, na malori yakataka watu wa kuyaendesha na kuyatengeneza. Mwishoni mwa miaka ya 1930 madereva Waafrika wa Uganda walikwisha kuunda chama chao, nacho ni kimojawapo cha vyama vya kwanza vya wafanyakazi katika nchi hii.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia motokaa ziliongezeka. Ndipo tulipozijua Morris Minor na Land Rover, zote mbili za mwaka 1948, na Volkswagen yenye mgongo wa kobe, na baadaye Peugeot 404 iliyotoka mwaka 1960. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na magari yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mashindano hayo yalikuwa mtihani wa gari mbele ya macho ya watu wote. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, tena mwaka 1966, 1967 na 1968, na gari iliyotoka salama katika matope ya Safari haikuhitaji mtu wa kuisifu dukani. Mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta, alishinda mashindano hayo mara tano, mwaka 1973, kisha mfululizo tangu 1979 hata 1982.

Lakini sifa kubwa ya magari haya haikuwa katika mashindano. Gari ya jirani ndiyo iliyomkimbiza mgonjwa Mulago usiku wa manane, ndiyo iliyompeleka bibi harusi kwa mumewe, na ndiyo iliyomchukua maiti wetu akazikwe kwao. Mtaa mzima ulijua mlio wake.

Kisha zikaja siku nzito. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yaliushambulia Lubiri, jumba la Kabaka huko Mengo, na hata leo wageni wanaofika hapo huonyeshwa mabaki ya motokaa ya Rolls-Royce ya Kabaka iliyoungua. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitoa amri ya kuwafukuza Waasia katika siku 90. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu wenzetu, Waismailia, Mabohora, Maithnaashari na Masunni, na wengi walikuwa wenye maduka ya vipuri na gereji. Waliondoka wakaziacha, na baada ya muda vipuri vikawa adimu kama mvua ya kiangazi.

Hapo ndipo ulipoonekana ufundi wa watu wetu. Katika Katwe, mtaa unaojulikana kwa wafua vyuma, na katika gereji za vichochoroni, fundi alijifunza kutengeneza kile ambacho hakikununulika. Mpira wa tairi kuukuu ulichongwa ukawa bushi, gasketi ilikatwa kwa mkasi katika karatasi ngumu, na gari tatu zilizokufa zilitoa gari moja iliyo hai. Watu hawa hawakusoma vitabu vya uhandisi. Walisoma chuma chenyewe. Kama leo imebaki Peugeot 404 au Volkswagen ya zamani inayotembea katika Kampala, tujue kwamba mikono hiyo imo katika uhai wake.

Siku hizi wako watu, vijana na wazee, ambao hutafuta magari hayo na kuyafufua, si kwa ajili ya abiria wala mizigo, bali kwa mapenzi. Kazi yenyewe ni ya subira. Kwanza gari hufunguliwa yote, na kila msumari huwekwa mahali pake na kuandikwa. Kisha hutafutwa kutu, nayo katika mji wenye mvua nyingi kama wetu ndiyo adui wa kwanza. Land Rover za kale zina bodi ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza. Bodi hiyo haishiki kutu kama chuma, lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, na mnunuzi asiyeinama kuitazama hujuta. Volkswagen haina rediyeta, injini yake hupozwa kwa upepo. Basi mapezi ya silinda yakizibwa na vumbi, injini huungua huku mwenyewe akidhani yu salama kwa kuwa hana maji ya kuchemka.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Petroli ya zamani ilitiwa risasi, na risasi ile, pamoja na madhara yake kwa afya, ilikuwa ikilinda vikalio vya valvu. Petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo anayefufua injini ya miaka ya 1950 hana budi kutiwa vikalio vya chuma kigumu, ama sivyo valvu zitakula kichwa cha injini kidogo kidogo. Ujuzi wa namna hii hupatikana kwa kukaa na fundi mzee.

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia katika kuuheshimu ujuzi huu. Tangu mwaka 1970 yamekuwapo Nairobi maonyesho ya Concours d'Elegance, ambapo magari na pikipiki hukaguliwa kwa usafi na uzima wake, na wenzetu wa Uganda wamekwisha kushiriki. Tangu mwaka 2003 yako pia mashindano ya Safari kwa magari ya kale peke yake. Huku kwetu, sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yaliyotimiza umri wa miaka 15. Sheria hiyo ina maslahi yake kwa usalama na hewa yetu, lakini inatukumbusha kwamba motokaa za babu zetu zilizomo humu nchini ndizo hizo hizo; ikipotea moja si rahisi kupata badala yake.

Nitasimulia kisa kimoja, nami ndimi wa kulaumiwa katika kisa hicho. Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja, dereva wa miaka mingi, mwenye Peugeot 404. Kila mwaka gari ile ilipeleka watoto wa madrasa katika Maulidi, imejaa hata milango haifungiki. Alipostaafu hakuiuza. Kila Ijumaa kabla ya sala aliiwasha, akasikiliza injini kama mtu amsikilizaye mgonjwa, kisha akaizima. Katika sanduku la mbele alikuwa na daftari, ameandika kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo alizofundishwa, safari zake zote tangu ujanani: alimchukua nani, wapi, siku gani, na maiti gani alimpeleka kuzikwa wapi. Aliniambia mara mbili, “Sheikh, njoo tukae uyanakili haya.” Nami mara mbili nikamjibu, inshallah, juma lijalo.

Mwenyezi Mungu alimchukua. Siku nilipokwenda kuwapa pole watoto wake kwa mara ya pili, nilikuta majani yaliyolala katika umbo la gari, na doa la oili. Walikuwa wameiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo. Nikauliza daftari. Wakatazamana. Lilikuwa ndani ya gari.

Siwalaumu, walikuwa na deni la marehemu la kulipa, na kulipa deni la maiti ni wajibu. Lakini tangu siku hiyo nimefahamu kwamba historia yetu haikuandikwa yote katika ofisi. Nyingine iliandikwa katika sanduku la mbele la Peugeot, na ikayeyushwa pamoja nayo.

Kuhusu hukumu, mtu asije akasema Sheikh amehalalisha ubadhirifu. Anayeacha watoto wake na njaa ili apake gari rangi amekosa, na anayefufua gari ili ajifaharishe kwa watu amejipatia hasara. Lakini kutunza kitu chema kisiharibike, kushukuru neema, na kuhifadhi amana ya waliotutangulia, hayo yote ni mambo ya dini yetu. Katika Suratin-Nahl Mwenyezi Mungu ametutajia farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na pambo pia. Basi uzuri wa kipando si jambo la kuonewa haya.

Naomba mambo matatu. Aliye na mzee dereva au fundi nyumbani, na aketi naye juma hili aandike anayoyajua, wala asiseme juma lijalo kama nilivyosema mimi. Aliye na gari ya kale, na asiiuze kwa kilo kabla ya kuuliza kama yuko mwenye kuipenda, na kabla ya kufungua sanduku la mbele. Na chama chetu kiwaweke vijana wachache kwa mafundi wazee, wajifunze kazi hii, kwani ufundi huo ni riziki ya halali leo kama ulivyokuwa kwa babu zao.

Mwenyezi Mungu awarehemu madereva na mafundi wetu waliotangulia, waliotubeba tukiwa hai na tukiwa maiti, na atujaalie sisi tuwe waangalizi wema wa walichotuachia. Amin.

Wabillahi taufiq, wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.