Ainisho, si Mpangilio wa Kodi

Katika semina moja ya wahasibu mjini Morogoro kiligawiwa kitini kinachoita taksonomia ya XBRL, lugha ya kompyuta ya taarifa za fedha, "mpangilio wa kodi". Waliokipitisha ni wasomi, na ndiyo maana kosa lao halivumiliki.

Kodi haimo humo hata chembe. Neno la Kiingereza la kodi, tax, lina asili ya Kilatini, taxare, kukadiria thamani. Taksonomia imetoka Kigiriki: taxis, mpango, kama safu za askari vitani; na nomos, kanuni. Mwanabotania Augustin Pyramus de Candolle aliliunda neno hilo mwaka 1813 kwa Kifaransa, akiwaza mimea. Wanabotania wanaopanda milima ya Uluguru kutafuta mimea isiyoota kwingine duniani wanalitumia kwa maana hiyohiyo.

Wengine wanashikilia "uainishaji". Wamekaribia, ila wameshika tendo wakaacha zao lake. Kufundisha huzaa ufundishaji, na huzaa fundisho. Kuonyesha huzaa uonyeshaji na onyesho. Basi kuainisha huzaa uainishaji na ainisho. Taksonomia ya XBRL ni kitu kilichokwisha kupangwa: orodha rasmi ya dhana za kihasibu, kila dhana na maana yake na uhusiano wake na nyingine. Hilo ni ainisho, wingi, maainisho. Nilipolipendekeza kwa maandishi nilijibiwa kuwa neno "halijazoeleka". Litazoelekaje bila kutumiwa?

Kuhusu matumizi: wazo la XBRL lilianzia kwa mhasibu wa Marekani, Charles Hoffman, mwaka 1998. Kila tarakimu hufungwa alama ya dhana, kipindi na sarafu, kompyuta ikaisoma yenyewe. Afrika Kusini ilianza kuzidai kampuni taarifa za fedha za namna hiyo Julai 2018. Tanzania inafuata viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, IFRS, tangu 2004, na IFRS ina ainisho lake, ambalo dhana zake zaweza kubeba majina ya lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo.

Siku mfumo huu utakapofika kwenye vyama vya ushirika vya Mgeta na Matombo, mhasibu wa chama akiambiwa achague "mpangilio wa kodi" ataleta makadirio ya kodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) badala ya mizania, naye hatakuwa na kosa. Kosa litakuwa la waliompa neno hilo.

Chuo Kikuu cha Mzumbe kinafundisha uhasibu chini ya milima hiyo ya Uluguru. Nawaomba walimu wake waandike "ainisho" katika vitini vyao kuanzia muhula ujao, bila kusubiri kamati.