Moto wa Kiangazi na Haki ya Jirani

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa zote njema zinamthubutukia Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake moto uwe ukumbusho kwao na manufaa kwa wasafiri. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Ali zake, na Masahaba wake. Amma baad.

Wazee wa Jumuiya yetu wameniamrisha niandike katika kitabu hiki cha ukumbusho khabari ya historia itakayowafaa wakubwa na wadogo. Nimeona kuwa juu ya vita na siasa za nchi hii wamekwisha kuandika wengi. Lakini liko jambo linalotufikia kila mwaka, Waislamu na wasio Waislamu, wala hatulifikirii mpaka limekwisha kutuunguza. Nalo ni moto wa kiangazi. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi katika sisi tuliishi Bombo, Kibera na Kakuma kabla ya kurejea kwetu, na watoto wetu wanaisoma lugha hii kwa wepesi.

Nchi na majira yake

Mvua za Juba huanza kiasi cha mwezi wa Aprili, na hukoma Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo nyasi hukua hata zikapita kimo cha mtu. Kisha huja upepo mkavu wa kaskazini, na nchi ikakaa miezi minne au mitano bila ya mvua ya maana. Hapo ardhi yote, tangu Terekeka mpaka Nimule, huwa kama utambi uliotiwa mafuta unaongoja kiberiti. Wataalamu wanaoitazama dunia kwa vyombo vilivyoko angani wamethibitisha kuwa zaidi ya nusu ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka imo katika bara hili la Afrika, na mbuga za nchi yetu ni katika zile zinazoungua sana.

Basi na ijulikane kuwa moto huo haushuki mbinguni. Radi huja pamoja na mvua, na wakati wa kiangazi mvua haipo. Moto wa kiangazi huwashwa na mkono wa mtu. Mchungaji huwasha ili yachipue majani mabichi kwa ng'ombe wake. Mwindaji huwasha ili wanyama watoke mafichoni. Mkulima huwasha kusafisha shamba. Mrina asali huwasha kufukuza nyuki. Mchoma mkaa huacha tanuri lake likifuka moshi, akaenda zake. Kila mmoja ana haja yake, wala haja hizo si haramu. Swali ni hili tu: je, anapowasha anamfikiri jirani yake?

Wazee wa zamani na moto wao

Wenyeji wa nchi hii, Wabari, Wamundari, Walotuko na wengineo, wameishi na moto kwa karne nyingi, nao hawakuwa wajinga wa mambo yake. Walijua kuwa nyasi zikichomwa mapema, mwezi wa Novemba au Desemba, zingali na unyevu kidogo, moto huenda polepole, hupita chini, na miti husalimika. Zikichomwa mwezi wa Februari au Machi, zimekwisha kukauka kabisa, moto huruka juu, huua miti michanga, na huunguza mti wa lulu, ambao wanawake wa nchi hii hukamua mafuta katika kokwa zake. Kwa hivyo wenye busara walichoma kwanza nyasi za karibu na nyumba zao, kidogo kidogo, siku isiyo na upepo, ili moto mkubwa utakapotoka mbali usikute chakula.

Tena kwa Wabari alikuwako mtu aitwaye monyekak, maana yake mwenye ardhi, na neno lake lilisikizwa katika mambo ya ardhi, nani alime na wapi. Kwa Wamundari mpaka leo moto wa samadi huwashwa kambini usiku na mchana, moshi wake hufukuza wadudu, na majivu yake watu hujipaka mwilini. Moto ule ule unaoteketeza vijiji ndio unaolinda ng'ombe. Tofauti yao ni kuwa mmoja una mtu wa kuuangalia, na wa pili hauna.

Khabari ya mwaka 1870

Nitatoa mfano mmoja ulioandikwa vitabuni. Katika mwaka 1869 aliingia Bahr al-Ghazal Mjerumani mmoja, mtaalamu wa mimea, jina lake Georg Schweinfurth, akifuatana na wafanya biashara wa Khartoum waliokuwa wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Wafanya biashara hao walijenga ngome za miti zilizoitwa zeriba, na ndani yake nyumba za nyasi zilizosongamana, paa kwa paa. Schweinfurth alisafiri kusini mpaka mto Uele, akarejea na vitu vingi sana: mimea, michoro, vipimo na maandishi ya safari yake. Akavihifadhi katika zeriba ya tajiri mmoja aliyeitwa Ghattas.

Mwezi wa Desemba mwaka 1870, ndio mwanzo wa kiangazi, moto ulizuka katika zeriba hiyo. Nyumba zilikuwa kavu na zimegusana, na kwa muda mfupi kila kitu kikawa majivu. Mtu yule alipoteza karibu yote aliyoyakusanya, hata saa na vyombo vyake vya kupimia. Ikambidi katika safari zake zilizobaki apime njia kwa kuhesabu hatua za miguu yake. Ilimu ya miaka miwili iliteketea katika saa moja.

Mazingatio yaliyomo humu si kuwa nyasi ni mbaya. Wenyeji waliokuwa nje ya ngome ile nao walijenga kwa nyasi. Lakini wao kwa desturi walitenganisha nyumba zao, na baina ya mji wa mtu na mji wa mwenziwe palikuwa na shamba. Waliokuja kwa ajili ya faida ya haraka ndio waliojisonga pamoja, kila mmoja akitazama mali yake, wala hapana aliyekuwa na dhamana ya usalama wa wote.

Mji wetu wa Juba

Mji huu ulipoanza kukua katika miaka ya 1920, ulikuwa na mitaa michache, na mmojawapo ni Malakia, waliokaa raia na askari waliokwisha kazi ya jeshi pamoja na watu wao. Na wengi wao walikuwa Waislamu. Katika zama hizo hizo Serikali ya Waingereza ilipanda misaji huko Kagelu na Loka, na baadaye miti mingine huko Katire chini ya milima ya Imatong. Ili kuilinda miti hiyo na moto, zilifyekwa njia pana mpaka ukabaki udongo mtupu, na nyasi za pembeni zikachomwa mapema. Hayo ndiyo yale yale waliyoyajua wazee wetu.

Kisha zikaja fitina na vita. Maasi ya Torit yalikuwa mwezi wa Agosti mwaka 1955, na vita havikutulia mpaka mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972. Vikarejea mwaka 1983 mpaka mapatano ya mwaka 2005. Nchi ikapata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na kabla ya miaka mitatu kutimia, mwezi wa Desemba 2013, damu ikamwagika tena hapa Juba. Watu husema vita viliua watu na kuharibu nyumba, na ni kweli. Lakini viliharibu pia kitu kisichoonekana kwa macho, nacho ni mapatano ya majirani. Mzee aliyekuwa akisema "leo msiwashe, upepo ni mkali" alikufa ukimbizini, au yuko mbali. Kijana aliyezaliwa kambini hakufundishwa nyasi za kwao huchomwa lini. Na katika mitaa mipya ya Gudele, Munuki na Gumbo, mtu hukaa ubavuni mwa mtu asiyejua alikotoka wala lugha yake. Rakuba imegusa rakuba, na maji ya nyumba nyingi huletwa kwa malori ya tangi na kutiwa madumuni. Moto ukizuka, maji hayapo karibu. Soko letu la Konyo Konyo limepata kuungua zaidi ya mara moja, na kila mara wenye khasara kubwa ni wauzaji wadogo, wajane na mayatima, ambao mali yao yote imo katika banda moja.

Waliyoyasema wanavyuoni

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mafundisho. Mtume, sala na salamu za Mwenyezi Mungu zimfikie, amefundisha kuwa watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Tazama, ndugu msomaji, jinsi vitu hivi vitatu ndivyo hasa vinavyogombaniwa katika kiangazi cha nchi yetu. Na ushirika una haki pande mbili: anayetumia hazuiliwi, lakini naye hamdhuru mshirika wake.

Katika zama za Mtume nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na waliokuwamo. Alipoletewa khabari hiyo aliwaambia watu kuwa moto ni adui yao, basi wauzime wanapokwenda kulala. Mafundisho haya yanahusu jiko la mkaa, mshumaa na chetezo cha ubani katika nyumba zetu leo, kama yalivyohusu taa za mafuta za siku zile.

Na mafakihi wamelipambanua jambo hili kwa uadilifu mkubwa. Wamesema: mtu akiwasha moto katika milki yake, kwa kadiri ya kawaida, siku iliyotulia, kisha ukaruka kwa jambo asiloliweza ukaunguza mali ya jirani, hana dhamana. Lakini akiuwasha siku ya upepo mkali, au akazidisha moto kupita kiasi, au akauacha bila ya mwangalizi, huyo amepuuza, na ni juu yake kulipa alichokiharibu. Hausikilizwi udhuru wake akisema, "Ni kadari ya Mungu." Kadari tunaiamini, lakini haifuti deni la mtu kwa mwenziwe.

Mwaka wa Majivu

Katika mwaka wa 18 wa Hijra, nao ni kiasi cha mwaka 639 wa Masihiya, Bara Arabu ilipatwa na ukame mkubwa hata ardhi ikawa rangi ya majivu, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Khalifa alikuwa Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi. Alijinyima nyama na samli, akala mafuta mpaka rangi yake ikabadilika, kwa kuwa hakuridhika kushiba na raia wana njaa. Aliwaandikia maamiri wake wa nchi za nje walete chakula, na Abu Ubayda akaleta kutoka Sham ngamia waliobeba shehena. Kisha Umar akatoka na watu kuomba mvua, pamoja naye akiwa Abbas, ami yake Mtume. Zingatia mpango wake: hakuketi akangoja mawingu. Alianza kwa kushiriki dhiki ya watu, akatafuta msaada, na akamwomba Mola wake.

Nasi zama zetu zina majivu yake. Mwezi wa Machi mwaka 2024 Serikali ilifunga skuli kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika digrii 45, na mwezi wa Februari 2025 zikafungwa tena kwa majuma mawili baada ya wanafunzi wa Juba kuzimia madarasani. Huko Mangala wamekaa ndugu zetu waliofukuzwa Jonglei na mafuriko ya mwaka 2020. Wamekimbia maji, na wamezungukwa na nyasi kavu. Huko Gorom wamekuja wakimbizi kutoka Sudan tangu vita vya Aprili 2023, wengi wao Waislamu wenzetu, na si wote wanaozijua nyasi za nchi hii. Hawa wote ni majirani zetu wapya, na haki ya jirani inawaenea.

Ikiwa mvua zimechelewa, tutaingia uwanjani kuswali swala ya kuomba mvua, tugeuze nguo zetu na kunyanyua mikono. Lakini mafakihi wamefundisha kuwa watu kabla ya kutoka kwenda kuomba hutubia na kurejesha dhuluma kwa wenyewe. Basi itakuwaje mtu amwombe Mungu mvua, na jirani yake analala chini ya mti kwa sababu ya moto aliouwasha yeye, wala hajamlipa, wala hajamwomba radhi? Mvua ni rehema, na anayetaka rehema haanzi kwa kuinyima.

Kwa hivyo nawausia ndugu zangu mambo manne. Kila mtaa na uwaulize wazee waliobaki, wa dini yoyote, nyasi za pale zichomwe lini, na zichomwe mapema, kwa pamoja, siku ya utulivu, baada ya majirani kuarifiwa. Pili, paachwe nafasi ya udongo mtupu baina ya nyumba na nyasi, na baina ya rakuba na rakuba. Tatu, msikiti usiwe bila ya mapipa ya maji na mchanga muda wote wa kiangazi, na milango yake ifunguliwe kwa kila aliyeunguliwa, awe Muislamu au Mkristo. Nne, anayeunguza na alipe. Na asiyeweza kulipa, Jumuiya imsaidie kulipa, ili kusiingie uadui baina ya majirani, maana moto wa uadui huendelea kuwaka hata mvua ikinyesha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku mvua yenye manufaa isiyo na madhara, awarehemu waliokufa kwa moto, awape badala waliopoteza, na atujaalie tuwe wenye kulindana. Amin.

Wabillahi t-taufiq.