Chuma Chakavu: Kutoka Jembe la Msamia hadi Sanamu ya Ndovu

Sisi tufundishao Kiswahili huku Masinya, karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, twaona kila siku malori na baiskeli zikielekea Busia. Vyombo hivyo vikizeeka, vipuri vyake hurundikwa nyuma ya karakana, na watu huviita takataka. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba wahenga wa nchi hii hawakuwa na desturi ya kutupa chuma, na kwamba jambo hilo lina uhusiano na uhai wa msitu.

Kabla ya ukoloni Wasamia walikuwa wahunzi mashuhuri. Walichimba mtapo, yaani mawe yenye chuma, katika vilima vya Samia, wakauyeyusha tanurini kwa makaa ya miti, huku mivukuto ikipuliza hewa kupitia mirija ya udongo. Uchafu uliobaki ndio Waswahili wauitao mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilifuliwa juu ya fuawe, kikawa jembe, mkuki au kisu, na majembe hayo yalisifika hata kwa majirani. Hata hivyo, yafaa tuseme kweli: kila jembe lilikula miti, kwani tanuri haikushiba makaa.

Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu. Mwaka uliofuata Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya, na Wasamia wakajikuta katika nchi mbili. Majembe ya viwanda vya Ulaya yakaja kwa bei nafuu, na kazi ya kuyeyusha mtapo ikafifia. Lakini mhunzi hakuzima moto wake. Alichukua chuma chakavu akakifua upya: springi ya gari ikawa panga. Kwa kuwa chuma hicho kilikwisha kuyeyushwa kwingine, kilihitaji makaa machache kuliko mtapo. Hivyo chakavu kiliuondolea msitu sehemu ya mzigo wake.

Kutoka panga hadi sanamu si safari ndefu. Huko Makerere, Francis Nnaggenda aliunganisha mbao na vipande vya chuma katika sanamu zake. Nairobi, Kioko Mwitiki alijulikana kwa kuchomelea vyuma vikuukuu mpaka vikawa ndovu na wanyama wengine wa porini, wakubwa kama walivyo kweli, wa kusimamishwa nje penye jua na mvua.

Mfano unaotugusa zaidi watoka Pakwach, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison, iliyoanzishwa mwaka 1952. Huko majangili hutega wanyama kwa matanzi ya waya, na waya nyingi hutolewa katika tairi kuukuu za magari. Katika miaka ya 2010 vijana wa mahali hapo walianza kuzikunja waya za mitego kwa mikono, wakafanya sanamu ndogo za wanyama na kuziuza. Waya iliyokusudiwa kumnyonga twiga sasa yachora shingo yake, na kijana apata riziki pasipo kuingia porini usiku.

Nasi wilayani Busia tuna Hifadhi ya Msitu ya Bugwe Magharibi. Tunao wachomeleaji hodari, tena tunayo mabaki ya baiskeli za boda boda, neno lililozaliwa hapa hapa mpakani. Kwa nini mlango wa msitu usipambwe kwa wanyama waliofanywa na mafundi wetu? Lakini tujihadhari. Sanamu ya nyani hairuki matawini, wala mti wa chuma hauleti mvua. Ikiwa msitu utaendelea kukatwa kwa ajili ya makaa, sanamu hizo zitakuwa mawe ya kaburi tu. Kazi yake ni kumsimamisha mpita njia amtazame mnyama, kisha amhurumie aliye hai.

Ndugu walimu, tulipowauliza wanafunzi wetu maana ya fuawe na mivukuto, walitutazama kimya. Maneno nayo huchakaa yasipotumiwa. Tuwapeleke karakanani, wamtazame fundi kazini, wataje kila chombo kwa jina lake. Wahenga walituasa: usitupe mbachao kwa msala upitao.