Joto la paka

Joto la paka ni kipindi ambacho paka jike ambaye hajafungwa kizazi yuko tayari kupandwa na dume. Katika siku hizo paka hulia sana, hutafuta njia ya kutoka nje na huwavuta madume wa jirani. Joto si ugonjwa na kwa kawaida halimletei paka hatari lenyewe. Hata hivyo husumbua usingizi wa watu, huleta mapigano ya madume na huishia mara nyingi katika mimba ambayo mwenye paka hakuitaka.

Makala hii inaeleza joto la paka kwa jumla, pamoja na hali ya wilaya za Handeni na Korogwe katika mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Huko paka wengi hufugwa kwa ajili ya kukamata panya na huzunguka nje kwa uhuru.

== Mzunguko ==

Paka jike wengi hupata joto la kwanza wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 9. Wengine huanza mapema, hata wakiwa na miezi 4 au 5, yaani wakati bado wanaonekana watoto. Kipindi kimoja hudumu wastani wa wiki moja, lakini kinaweza kuwa kifupi cha siku 3 au kirefu cha wiki 2. Paka asipopandwa, joto hukoma na kurudi tena baada ya wiki 2 au 3. Hivyo mwenye paka anaweza kuona kana kwamba joto haliishi.

Tofauti na ng'ombe au mbwa, mayai ya paka kwa kawaida hayatoki kwenye ovari mpaka apandwe. Uume wa paka dume una miiba midogo ambayo huamsha mishipa ya fahamu ya jike. Ubongo hutoa homoni, na mayai hutoka baada ya siku moja au mbili. Mara nyingi jike hupandwa mara kadhaa, tena na madume tofauti, kwa hiyo watoto wa uzazi mmoja wanaweza kuwa na baba mbalimbali.

Mimba huchukua takriban siku 63 hadi 67, na kwa kawaida huzaliwa watoto 3 hadi 5. Jike anaweza kurudi kwenye joto wiki chache tu baada ya kuzaa, hata akiwa bado ananyonyesha. Kwa mwaka mmoja anaweza kuzaa mara 2 au 3.

== Mwanga wa jua na majira ==

Uzazi wa paka huongozwa na urefu wa mchana. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini paka wengi wanaoishi nje hawapati joto katika miezi ya baridi yenye mchana mfupi, kisha huanza upya siku zinaporefuka.

Handeni na Korogwe ziko takriban nyuzi 5 kusini kwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja, na mchana hukaribia saa 12 wakati wote. Kwa sababu hiyo paka wa huko hawana msimu mrefu wa kupumzika. Jike anaweza kuingia kwenye joto wakati wa masika, wakati wa vuli au kiangazi. Ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kusubiri majira ya baridi hauna maana katika eneo hili.

== Dalili ==

Dalili za kawaida ni hizi:

* kulia kwa sauti ndefu na nzito, hasa usiku, sauti ambayo hufanana na kilio cha mtoto mchanga;
* kujisugua kwenye miguu ya watu, kuta na samani;
* kugaagaa sakafuni;
* kuinama mbele, kuinua kiuno na kupeleka mkia upande mmoja, hasa akipapaswa mgongoni;
* kukojoa mara kwa mara au kurusha mkojo ukutani;
* kupungukiwa hamu ya chakula na kujaribu kutoroka.

Paka kwenye joto hatoki damu kama mbwa. Damu, usaha au majimaji yenye harufu mbaya kutoka ukeni ni dalili ya ugonjwa. Mmoja wa magonjwa hayo ni usaha katika mji wa mimba, ambao huweza kutokea wiki chache baada ya joto. Paka huyo huacha kula, hunywa maji mengi, hulegea na tumbo lake huweza kuvimba. Asipotibiwa haraka anaweza kufa.

Paka anayelia huku akijikaza kukojoa bila mkojo kutoka, au anayelia akiguswa tumbo, naye anahitaji daktari. Hilo si joto.

== Handeni na Korogwe ==

Mahindi ni zao kuu la chakula katika wilaya zote mbili. Baada ya mavuno huhifadhiwa ghalani, darini au ndani ya magunia chumbani, na panya hufuata. Kwa hiyo paka ni mfanyakazi wa nyumba: hupewa mabaki ya ugali na dagaa, na sehemu nyingine ya chakula hujitafutia mwenyewe.

Nyumba nyingi za vijijini zina nafasi wazi kati ya ukuta na bati, na jiko mara nyingi ni kibanda cha peke yake. Paka jike aliye kwenye joto hupita hapo kwa urahisi, na paka shume huingia kwa njia hiyohiyo. Katika miji ya Korogwe na Handeni nyumba zimekaribiana, na kilio cha jike mmoja huweza kukusanya madume wa mtaa mzima.

Madume wanaopigana huumana na kuambukizana magonjwa. Hatari kubwa kwa binadamu ni kichaa cha mbwa, kwa kuwa paka pia hukipata na kukieneza. Paka huchanjwa dhidi yake kuanzia umri wa miezi 3. Mtu aliyeng'atwa au kuparurwa na paka asiyejulikana anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Matokeo mengine ni watoto wa paka wasio na mwenyewe. Mara nyingi hutiwa kwenye mfuko na kutupwa sokoni au kando ya barabara kabla ya kuacha kunyonya, na wengi wao hufa. Mtoto wa paka anapaswa kukaa na mama yake mpaka wiki ya 8 hivi.

== Imani ==

Katika sehemu nyingi za Tanzania paka anayelia usiku kama mtoto huhusishwa na uchawi, hasa akiwa mweusi au akilia juu ya paa. Wengine humpiga mawe au kummwagia maji ya moto. Kilio hicho ni wito wa jike kwa madume, au ni mapigano ya madume wenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

Imani nyingine ni kwamba jike lazima azae mara moja kabla ya kufungwa kizazi. Hakuna faida ya kiafya inayotokana na uzazi huo. Vilevile husemwa kwamba paka aliyefungwa kizazi haachi panya tu bali huwa mvivu kabisa. Uwindaji wa panya hautegemei homoni za uzazi, na paka huyo huendelea kuwinda. Huweza kunenepa akilishwa kupita kiasi.

== Kumtunza wakati wa joto ==

Hakuna njia ya nyumbani ya kukatisha joto. Linalowezekana ni kuzuia mimba na kupunguza kelele:

* Kumfungia katika chumba chenye hewa, hasa kuanzia jioni hadi asubuhi. Dirisha liwe na wavu imara, kwani wavu wa mbu pekee huchanwa.
* Kumwekea maji, chakula na sanduku la mchanga, na kulisafisha kila siku. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma.
* Kumchezesha mchana, kwa mfano kwa kamba au mpira wa karatasi, ili achoke kabla ya usiku.
* Kumpa kitambaa laini na mahali tulivu.
* Kufuta mkojo kwa maji na sabuni ili harufu isiwavute madume.
* Kumtenga na madume wote, hata ndugu zake wa tumbo moja, kwani paka hupandana na ndugu.

Kumpiga hakumnyamazishi. Kumwingizia kijiti au pamba ukeni ili kuiga tendo la dume ni hatari, kwani huumiza na kuingiza vijidudu. Parasetamoli, ikiwemo Panadol, ni sumu kwa paka: hata kidonge kimoja huweza kumuua.

== Vidonge na sindano ==

Zipo dawa za homoni za kuzuia joto, nyingi zikiwa za jamii ya projestojeni. Matumizi yake, hasa ya muda mrefu, huongeza hatari ya usaha katika mji wa mimba, uvimbe wa matiti na kisukari. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango za binadamu havifai kutolewa kwa kukisia. Dawa hizi zitumike kwa maelekezo ya daktari wa mifugo tu.

== Kufunga kizazi ==

Suluhisho la kudumu ni upasuaji wa kuondoa ovari, mara nyingi pamoja na mji wa mimba. Hufanywa paka akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na unaweza kufanyika kabla ya joto la kwanza, akiwa na miezi 4 hadi 6. Kufungwa mapema hupunguza sana uwezekano wa saratani ya matiti na huondoa hatari ya usaha katika mji wa mimba.

Paka aliye kwenye joto anaweza kupasuliwa, lakini mishipa ya damu ya kizazi huwa imejaa, hivyo madaktari wengi husubiri joto liishe. Katika siku hizo za kusubiri paka abaki ndani. Aliyekwisha kupandwa anaweza pia kufungwa mwanzoni mwa mimba.

Kidonda hupona kwa siku 10 hadi 14. Paka awekwe mahali pakavu, azuiwe kulamba mshono, na arudishwe kwa daktari akivimba au akitoa usaha. Jike anayeonyesha joto baada ya upasuaji huenda alibakiwa na kipande cha ovari.

Nchini Tanzania taaluma hii inasimamiwa na Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na upasuaji ni kazi ya daktari aliyesajiliwa. Madaktari wa mifugo husomea katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Katika Handeni na Korogwe hatua ya kwanza ni afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya halmashauri, ambayo huweza kumwelekeza mwenye paka kwa daktari. Kazi ya ofisi hizi huwa zaidi juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku, hivyo inafaa kuuliza mapema, kabla joto la kwanza halijafika. Majirani kadhaa wakipeleka paka wao kwa pamoja, gharama ya safari hupungua.

Kuhasi madume nako husaidia, kwani hupunguza mapigano na kurusha mkojo. Lakini dume mmoja aliyebaki mtaani anatosha kuwapa mimba majike wengi, kwa hiyo kufunga kizazi cha majike ndiko hupunguza idadi ya paka kwa uhakika zaidi.

== Tazama pia ==

* Paka
* Panya
* Kichaa cha mbwa
* Wilaya ya Handeni
* Wilaya ya Korogwe