MGONGO, SEHEMU YA 4: Ule ubao chini ya godoro ulitoka wapi?

Baada ya sehemu ya 3, ile ya diski kuchomoza na kubana mshipa wa fahamu, swali lililonijia mara nyingi ni moja: "Sista, nilale kwenye ubao kwa muda gani?" Leo tuongelee huo ubao.

Naanzia nyumbani. Mwaka 2001 nikiwa darasa la nne, Mama aliinama kufunga mzigo wa majani ya ng'ombe huko chini tambarare, akasikia kama kitu kimekatika kiunoni. Maumivu yakashuka pajani hadi unyayoni. Wewe wa Kibosho au Marangu unaujua mzigo ninaousema: ng'ombe yuko bandani kihambani, majani yako mbali huko chini, na anayeyapandisha mlima mara nyingi ni mwanamke. Alipopelekwa kutibiwa akaambiwa alale chali juu ya ubao wiki sita, asiinuke ila kwenda chooni. Tukang'oa mlango wa stoo, tukauweka chini ya godoro. Wiki ya tatu ng'ombe akauzwa, maana hakukuwa na wa kumkatia majani. Wiki ya sita Mama alisimama akishika ukuta, miguu imekonda, na maumivu yako palepale.

Aliyemwambia hivyo hakuwa mtu mbaya, alirudia alichofundishwa. Na hilo fundisho ni la zamani kweli. Karne ya 19 huko Liverpool, Uingereza, alikuwepo tabibu wa mifupa aitwaye Hugh Owen Thomas, aliyeamini kwamba kiungo kigonjwa kinapona kikitulizwa kabisa, kwa muda mrefu, bila kukatizwa. Kwa kifua kikuu cha mifupa, enzi ambazo dawa zake hazikuwepo, ilikuwa na maana. Shida ni kwamba pumziko hilo likaja kuhamishiwa kwenye kila mgongo unaouma.

Kisha mwaka 1934, madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, wakachapisha taarifa kwamba diski iliyopasuka inaweza kubana mshipa na kuleta yale maumivu ya mguu, na kwamba ukikitoa kile kipande mgonjwa anapata nafuu. Ugunduzi wa kweli kabisa. Ila tangu hapo wagonjwa wengi wakabaki na milango miwili tu: kitanda au kisu.

Aliyenifumbua macho mimi ni Henrik Weber wa Oslo, Norwei. Mwaka 1983 alitoa matokeo ya wagonjwa 126 ambao haikuwa wazi kama wapasuliwe au la, akawagawa kwa bahati nasibu. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali nzuri zaidi, tusifiche. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa imepungua sana, na baada ya miaka 10 makundi yalikuwa sawa. Kumbe mwili wenyewe unafanya kazi: chembe nyeupe za damu hukiona kile kipande kama mgeni, zikakila polepole kikasinyaa.

Na kitanda je? Mwaka 1999 Waholanzi walichukua wagonjwa 183 wa maumivu hayo ya mguu. Nusu walale wiki mbili, nusu waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Kulala hakukuongeza nafuu yoyote. Ubao nao: utafiti wa Hispania wa 2003, watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu (siyo ya diski tu), ulionyesha godoro la ugumu wa wastani linasaidia kuliko gumu sana.

Angalia miaka hapo. Jibu la kitanda lilichapishwa 1999, Mama akalazwa 2001. Yule ng'ombe bado ananiuma.

Aliyemwinua Mama ni mtaalamu wa fiziotherapia. Alimlaza kifudifudi, akamfundisha kujiinua kwa viwiko taratibu, halafu kutembea, kila siku hatua chache zaidi. Njia hiyo inatokana na Robin McKenzie wa New Zealand. Mwaka 1956 mgonjwa wake alilala kifudifudi kwa bahati mbaya kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, na maumivu ya mguu yakatoweka. Ukijaribu na maumivu yakazidi kushuka mguuni, acha, siyo zoezi lako, nenda ukapimwe. Dawa za maumivu pia zipo, mwone daktari. Usijinunulie diklofenaki mwezi mzima ukaharibu tumbo na figo.

Ila sikiliza vizuri hapa. Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, choo ukishindwa kukizuia, ganzi ikiingia sehemu za siri na makalioni, au mguu ukianza kulegea na kuburuza, hayo mazoezi yote weka pembeni. Nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hapo kisu ndicho kinachookoa, na kila saa ina hesabu yake.

Mama hakupasuliwa. Ilichukua karibu miezi minane. Sasa ana ng'ombe mwingine, na majani yanapandishwa na bodaboda.

Sehemu ya 5 ni mkanda wa mgongo: nani auvae, nani auache.