Tarehe ya Mchoro katika Daftari la Sayansi

Aghalabu mwalimu anayepita baina ya madawati na kumwona mtoto amezijaza pembe za daftari lake kwa maua, nyuso na mizunguko isiyo na jina, hudhani ya kuwa akili ya mtoto yule imekwisha toka darasani. Na kwa dhana hiyo, ambayo si ya nchi moja wala ya zama moja, watoto wasio na idadi wamekaripiwa, wakafutishwa, na wengine wakapigwa. Ni ajabu, basi, kuona kwamba katika shule za kati za Marekani, yaani darasa la sita hadi la nane, ambako watoto husoma habari za seli, za miamba na za nguvu ya umeme, wapo walimu wa sayansi ambao siku hizi huwaamuru wanafunzi wao wachorechore: hugawa karatasi yenye maneno machache na nafasi tupu nyingi, na mwanafunzi akatakiwa ayafungamanishe maneno hayo kwa picha, mishale na rangi anazozitia mwenyewe. Wanaouona mtindo huu kuwa umezuka juzi hawajaitazama tarehe ya elimu, kwani haki ya mwanafunzi kuchora anachojifunza ilidaiwa zamani sana, ikasahauliwa, na sasa inarejeshwa, tena nusu yake.

Mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, kilipigwa chapa kitabu kiitwacho Orbis Sensualium Pictus, kilichotungwa na Comenius, askofu wa Ndugu wa Moravia ambaye vita vya dini vilimfukuza kwao na kumfanya mgeni wa nchi nyingi. Kina milango 150, na katika kila mlango ipo picha iliyotiwa tarakimu, na chini yake maneno ya Kilatini na Kijerumani yenye tarakimu zizo hizo, hata mtoto akisoma jina la kitu aweze kukiona mara moja. Kwa hayo Comenius amesifiwa katika kila kitabu cha habari za ualimu. Lakini ndani ya dibaji yake aliomba jambo jingine: watoto waachiwe kuziiga picha zile kwa mikono yao, na wasiotaka watiwe hamu mpaka watake. Walimu wa vizazi vilivyofuata waliichukua picha na kuiacha kalamu. Karne ya kumi na tisa ilipofika, mabango makubwa ya wanyama, kama yale mashuhuri ya Rudolf Leuckart wa Leipzig, yalitundikwa katika vyumba vya masomo vya nchi nyingi, yenye uzuri na usahihi ambao mtu hawezi kuukana. Na mwanafunzi alikaa chini yake, mikono imekunjwa, akitazama kazi iliyokwisha fanywa na mwingine.

Waliobaki na kalamu walikuwa wale ambao shule haikuwapata sawasawa, na katika hao simjui aliye bora wa kutolewa mfano kuliko Michael Faraday. Alizaliwa mwaka 1791, mwana wa mhunzi maskini, na elimu yake ya shule haikupita kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Alipotimia miaka kumi na minne alitiwa uanagenzi kwa George Riebau, muuza vitabu na fundi wa kuvijalidi mjini London, na ikawa desturi yake kuvisoma vile alivyopewa kuvitia jalada. Katika nyumba ile alipanga mchoraji mmoja, Masquerier, aliyekuwa ameyakimbia machafuko ya Ufaransa. Naye alimfundisha kijana yule namna ya kuchora ili kilicho mbali kionekane mbali na kilicho karibu kionekane karibu, na ujira wa somo, kwa vile kijana hakuwa na fedha, ulikuwa kupigiwa viatu rangi na kufagiliwa chumba. Yamkini hakuna ada ya shule iliyopata kuleta faida kubwa kuliko ile.

Kwani mwaka 1812 mteja mmoja wa Riebau alimpa Faraday tikiti za kumsikiliza Humphry Davy, mkemia aliyekuwa na sifa kuliko wote Uingereza wakati ule, katika mihadhara minne kwenye Royal Institution. Alikaa juu, akanukuu. Kisha nyumbani akayaandika yote upya kwa hati nzuri, akavichora vyombo vya majaribio jinsi alivyoviona mezani, akaikusanya kazi hiyo hata ikawa kurasa zinazokaribia 300, akaijalidi kwa mikono yake na mwisho wa mwaka akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Mwezi Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Huenda mwingine atasema kuwa kilichomfaa ni bidii, si michoro, nami sitashindana naye kwa habari ya mwaka ule. Ila maisha yaliyofuata yanatoa ithibati. Faraday hakuwa na hisabati ya juu, na pale ambapo wenziwe walifuata mlinganyo, yeye alifuata mistari: alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi iliyolalia sumaku, akaitazama mizingo inayojipanga yenyewe, akaichora, na katika mwaka 1851 akaja kuigandisha juu ya karatasi iliyopakwa nta na kuwapelekea wataalamu wengine waitazame. Mistari ile, ambayo baadhi ya wenye hisabati waliiona kuwa ni mchezo wa asiyejua hesabu, ndiyo mwanafizikia James Clerk Maxwell aliyoitwaa baadaye na kuivika hisabati, na juu yake umesimama ujuzi wetu wa nuru na wa redio.

Katika karne iyo hiyo, ng'ambo ya pili ya bahari, huko Marekani, Louis Agassiz, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa akimwekea mwanafunzi mpya samaki mmoja ndani ya sahani na kumwacha naye. Samuel Scudder, aliyeletewa samaki kama huyo, alisimulia kuwa baada ya saa nyingi za uchovu alianza kumchora kwa kukosa la kufanya, na hapo ndipo alipoanza kuona viungo ambavyo macho yake yalikuwa yamevipita. Na Anna Botsford Comstock wa Cornell, ambaye kabla ya kuwa mwalimu alikuwa fundi wa kuchonga picha katika mbao, aliwashauri walimu wa shule za watoto, katika kitabu chake cha mwaka 1911, kwamba daftari la matembezi liwe mali ya mtoto mwenyewe, wala mwalimu asilitie wino mwekundu.

Sayansi ya akili ilikuja nyuma yao. Allan Paivio wa Kanada alieleza mwaka 1971 kuwa jambo lililohifadhiwa kwa neno na kwa taswira pia lina njia mbili za kurudi katika kumbukumbu. Na mwaka 2016 watafiti wa Waterloo, nchi iyo hiyo, walionyesha kuwa aliyechora maana ya neno hulikumbuka kuliko aliyeliandika mara nyingi, hata ikiwa amechora kwa sekunde chache, na hata ikiwa amechora vibaya. Hutajwa sana vilevile jaribio la Uingereza ambamo waliotia rangi vijiumbo huku wakisikiliza sauti ya simu yenye kuchosha walikumbuka zaidi kwa asilimia 29; ila walikuwa watu 40 tu, na vijiumbo vile havikuhusu kitu walichokisikia, nami nisingeujenga mtaala juu yake.

Kasoro ya karatasi zile za Marekani ni kwamba, pamoja na nafasi zake tupu, nyingi hutoka zimekwisha chorwa: utando wa seli upo, kiini kipo, utepe wa kuandikia kichwa cha somo upo, na mtoto hubakiwa na kupaka rangi. Huko ni kumrudisha chini ya bango la Leuckart na kumpa kalamu za rangi ili asichoke. Kwetu Afrika ya Mashariki ugonjwa ni wa namna nyingine. Mchoro haukuhama daftari la biolojia, na sharia zake zinajulikana: kalamu ya risasi iliyochongwa vema, mstari usiokatika, kutotia kivuli, majina yaelekezwe kwa mistari ya rula isiyopishana. Ni adabu njema kwa anayekitazama kitu chenyewe. Lakini mara ngapi mwanafunzi hunakili ua la mharagwe kutoka ubaoni, na mharagwe umechanua nyuma ya darasa!

Fauka ya kumbukumbu, mchoro wa mtoto humfaidi mwalimu, na faida hii haitajwi vya kutosha. Wachunguzi wa fikra za watoto katika nchi mbalimbali wamekuta kuwa wengi, wakiambiwa wachore jinsi mtu anavyouona mti, huutoa mshale jichoni na kuupeleka mtini, kama walivyoamini Euclid na Ptolemy, jambo alilolikanusha Ibn al-Haytham wa Basra katika Kitab al-Manazir takriban miaka elfu iliyopita. Mtoto huyo huyo akiulizwa kwa maneno hujibu kuwa tunaona kwa msaada wa nuru, naye hutiwa alama ya sahihi. Mshale peke yake ndio unaomwarifu mwalimu kwamba somo la nuru litaanzwa upya kesho asubuhi.